Ajira Portal, LinkedIn, magazeti na Telegram: wapi nafasi hewa ni chache?

Nafasi hewa ni kazi inayotangazwa ilhali haipo, haina fedha au tayari ina mwenyewe. Kipimo hapa ni kimoja: kabla hujatuma chochote, unaweza kuthibitisha kwamba nafasi ipo, ina fedha na bado haina mwenyewe? Uzuri wa ukurasa na wingi wa matangazo havikupewa alama. Ukipima hivyo, njia ambazo watafuta kazi wa Tanzania wanazitumia kila siku zinaachana mbali kuliko zinavyoonekana kwenye simu.

Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma inaongoza, 8 kati ya 10. Sababu iko nyuma ya tangazo lenyewe. Mwajiri wa umma hatangazi kwa kujisikia. Nafasi lazima iwe kwenye ikama, yaani orodha ya watumishi wanaohitajika, na kwenye bajeti, kisha Utumishi, ofisi inayosimamia watumishi wa umma, watoe kibali. Ndiyo maana tangazo linataja taasisi, kada, idadi ya nafasi, majukumu na ngazi ya mshahara. Idadi hiyo ishike vizuri, kwa sababu walioitwa kwenye usaili hutangazwa kwa majina, na walioitwa kazini vilevile. Unaweza kulifuatilia tangazo mpaka mwisho wake bila kumjua mtu ndani. Kuomba ni bure, na anwani halali inaishia na .go.tz; ukurasa unaofanana nao lakini unaishia vingine ufunge hapo hapo.

Wanaoachwa hapa wengi huangushwa na nyaraka. Karatasi ya matokeo ya kidato cha nne au cha sita haipokelewi, kinatakiwa cheti. Barua isiyo na saini inaharibu maombi yote. Majina ya kitambulisho cha taifa (NIDA) yakipishana na ya vyeti, shughulikia hati ya kisheria ya majina mapema, si siku ya usaili. Alama 2 zimekatwa kwa mwendo wa taratibu, na kwa jambo jingine ambalo ni kinyume cha nafasi hewa: waliofaulu usaili wakakosa nafasi huhifadhiwa kwenye kanzidata, na nafasi mpya zinaweza kujazwa kutoka humo. Hapo kazi ipo, tangazo ndilo halipo.

Matangazo ya halmashauri, mathalani ya watendaji wa vijiji au madereva, yasome mistari ya mwanzo. La kweli kwa kawaida linataja kibali cha ajira kwa kumbukumbu namba na tarehe. Usipokiona, piga simu ofisi ya utumishi ya halmashauri kwa namba iliyo kwenye tovuti yao. Ile iliyo kwenye picha uliyotumiwa iache.

Kwenye magazeti na tovuti za mashirika mambo yanaanza kuwa magumu, maana tangazo linaweza kuwa halali kabisa na nafasi isiwepo. Aina ya kwanza ni ya miradi. Shirika linaloomba zabuni ya mfadhili huhitaji CV za wataalamu wa kuambatanisha, kwa hiyo linatangaza kabla halijashinda. Dalili yake ni sentensi moja, mara nyingi chini kabisa: ajira itategemea kupatikana kwa mradi au fedha. Hilo si kosa ilimradi limeandikwa wazi, ila lihesabu kama tiketi ya bahati nasibu. Tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, sentensi hiyo imekuwa nzito zaidi, hasa kwenye miradi ya afya. Muulize mwajiri mfadhili ni nani na mkataba umeshasainiwa au bado.

Aina ya pili ni nafasi yenye mwenyewe. Sera ya shirika inadai ushindani, bosi ameshamchagua aliye ndani, tangazo linatoka kukamilisha faili. Ndugu yake ni tangazo la kibali cha kazi: sheria ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wageni inamtaka mwajiri aonyeshe kwamba alijitahidi kumtafuta Mtanzania kwanza. Wapo wanaotafuta kweli. Wapo pia wanaoandika sifa za mtu aliyeko tayari ofisini. Utalitambua kwa masharti yanayobana ajabu: lugha ya kigeni isiyohusiana na kazi, uzoefu wa mfumo ambao kampuni hiyo ndiyo karibu peke yake inautumia, na siku tatu nne tu za kuomba. Sharti moja la namna hiyo si ushahidi. Yakija yote matatu pamoja, okoa bando lako. Mchezo huu hauko kwetu tu. Marekani, mwajiri anayemwombea mgeni ukaazi wa kudumu kwa njia ya kazi kwa kawaida anatakiwa kuitangaza nafasi kwanza. Mwaka 2023 Apple ilikubali kulipa hadi dola milioni 25 kumaliza madai ya Wizara ya Sheria, likiwemo kwamba nafasi za aina hiyo haikuziweka kwenye tovuti yake ya ajira na waombaji walitakiwa kutuma karatasi kwa posta.

Kwa hiyo magazeti na tovuti za mashirika, 6.

LinkedIn inapata 5, na anayejua kuitumia anaweza kuipandisha. Usiombe moja kwa moja kwa kitufe cha haraka. Nenda kwenye ukurasa wa ajira wa kampuni yenyewe utafute cheo hicho hicho. Kisipokuwepo, uliza kwanza. Kikiwepo, nakili namba ya tangazo. Kampuni kubwa huipa kila nafasi namba yake, na namba ikibaki ile ile huku tarehe ikisogezwa kila mwezi, hilo ni tangazo la zamani lililopakwa poda: ama wanakusanya CV za akiba, ama wanataka waonekane wanakua. Afisa mauzo wa bima au mikopo ni habari nyingine. Tangazo lake halikauki na nafasi ipo kweli, ila malipo ni kamisheni, kwa hiyo ulizia mshahara wa msingi kabla ya nauli.

Simu moja inafanya kazi kuliko barua pepe kumi. Piga mapokezi, omba rasilimali watu, uliza mambo matatu: nafasi ni mpya au kuna aliyeondoka, atakayeajiriwa ataripoti kwa nani, na usaili umepangwa lini. Mwenye nafasi ya kweli atajibu angalau mawili. Asiye nayo atakwambia "tuma tu, tutakupigia". Jimbo la Ontario, Kanada, limelifanya hili kuwa sheria tangu 1 Januari 2026: mwajiri mwenye wafanyakazi 25 au zaidi lazima aseme ndani ya tangazo kama nafasi ipo kwa sasa, na ndani ya siku 45 baada ya usaili amjulishe aliyemsaili kama uamuzi umefanyika.

Blogu za kunakili matangazo, pamoja na magrupu ya Telegram na WhatsApp, 2. Zinafaa kama kengele tu. Blogu inalipwa kwa kubofya, haina sababu ya kufuta tangazo lililokwisha muda, na tarehe unayoiona juu ni ya kunakiliwa. Nakili sentensi moja ya majukumu, iweke kwenye Google ndani ya alama za kunukuu, utalipata la awali na tarehe yake. Ukiombwa hela ya fomu, sare au vipimo vya afya kwa namba ya simu, hakuna cha kuchunguza tena.

CV ya kutuma kwa mwajiri uliyemwona huko isiwe na namba ya NIDA, tarehe ya kuzaliwa wala sahihi. Hivyo vinasubiri mkataba. Kwenye Gmail ongeza alama ya kujumlisha na jina la mwajiri kabla ya @, ujumbe bado utakufikia, na ukianza kupokea matapeli kupitia anwani hiyo utajua nani aliivujisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa njia ya kudai zifutwe: mwandikie mwajiri, na asipotekeleza peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ukiambatanisha tangazo na barua pepe uliyoitumia kuomba.