Sebule ya mninga Tabora: makochi, rangi na taa (uzoefu wangu)

Nianze na hukumu, maana najua wengine mnasoma hapa huku fundi anasubiri hela mlangoni. Makochi ya mninga: nyota tano. Rangi ya ukutani: nyota nne. Balbu za kwanza: nyota moja, tena ni kwa kuwa sifuri haipo. Balbu za pili: nne na nusu.

Tunaishi Isevya. Sebule yetu ni mita tano kwa nne, ukuta mita tatu kwenda juu, na dirisha kubwa linatazama mwembe. Mwembe huo una sehemu yake katika habari hii, nitaufikia. Mume wangu ni Mzaramo, na dada yake alimtumia picha kutoka Dar es Salaam: kuta za kijivu, dari la gipsamu lenye taa za utepe za bluu, makochi ya velveti. Akazipenda. Nilipomtajia fundi seremala, akaacha randa akacheka. "Dada, huyo mtani wetu mtandikie mkeka tu, atakaa." Mnyamwezi akimpata Mzaramo, msitegemee kazi iendelee mpaka utani uishe.

Mtaani kwetu utaratibu ni ule ule kwa kila nyumba. Lipu ikikauka na skimu (ile tabaka laini ya juu) ikipigwa, rangi inakwenda ukutani, taa zinafuata, na makochi yanakuwa ya mwisho, hela ikiwa imeshakata. Mimi niliugeuza. Rangi dukani unachanganyiwa unavyotaka, hata ukiomba krimu iliyopungua tone moja la njano utapewa. Mninga unatoka porini na rangi yake, na hauulizi maoni ya mtu. Kwa hiyo nikaona afadhali ukuta uufuate mbao kuliko nianze kuzunguka mji mzima natafuta mbao ya kuendana na ukuta.

Sasa mbao yenyewe. Tabora tumezaliwa tukiambiwa mninga ni mninga, kana kwamba wote ni mmoja. Nenda kwa seremala uombe akupangie mbao tano chini, utaona moja ni ya dhahabu, nyingine kahawia nyekundu, nyingine inakaribia rangi ya kahawa. Na ubao mmoja una sehemu mbili: kiini chenye rangi, ambacho mchwa hawakipendi, na ule weupe wa pembeni ambao wadudu wanaula kama mbao nyingine yoyote. Sifa zote za mninga mnazozisikia ni za kiini. Fundi akikuchanganyia weupe halafu akapaka tinti juu, siku ya kukabidhiwa utaona seti nzuri sana, na baada ya masika mawili utaanza kufagia unga chini ya kochi.

Fundi wangu (simtaji, hakuniomba nimtangaze) mbao zake zilitoka upande wa Sikonge na zilikuwa zimegongwa nyundo ya watu wa misitu, yaani alama ya kuonyesha zimevunwa kihalali. Hilo niliomba kuonyeshwa kabla ya kutoa malipo ya kwanza. Wapo wanaouza bei ya chini kwa mbao zisizo na nyundo wala risiti, na siku zikikamatwa zikiwa karakana hela yako ya awali hurudishiwi na mtu. Alikuwa amezipanga kivulini, kila safu ikitenganishwa na vijiti ili upepo upite. Akanifundisha kugonga: ubao mkavu unalia, mbichi unatoa sauti iliyokufa. Mninga una heri moja, haujikunji wala kupungua sana ukikauka, ndiyo maana maseremala wanaupenda. Lakini mbichi ni mbichi. Sebule yako ikipata hewa kavu ya Agosti na Septemba, maungio ya kochi la mbao mbichi yanaachana, na utaanza kuletewa gundi na misumari.

Niliagiza seti ya watu saba, na meza ya katikati. Nilimwambia achague mbao za rangi moja kwa mikono na miguu ya mbele, kule ambako macho yanatua, na zile zilizotofautiana aziweke nyuma. Fremu ya ndani, ile inayofichwa na sponji, nilikubali iwe ya msonobari uliotiwa dawa, kwa kuwa mninga mtupu mpaka ndani ungenimaliza. Msonobari usio na dawa msikubali hata kwa punguzo. Sponji niliibonyeza kwa ngumi kabla haijavalishwa kitambaa: ikirudi juu papo hapo, nzuri, ikibaki na shimo kana kwamba bado inakufikiria, rudisha. Kitambaa kina zipu na kinavuliwa kufuliwa. Velveti ya wifi yangu ingekuwa vita ya kila siku na vumbi la kiangazi chetu, na mfuaji ni mimi.

Kuhusu vanishi: ombeni isiyong'aa. Ile ya kung'aa inapendeza karakana, ila nyumbani inaonyesha kila chembe ya vumbi, kila alama ya kidole cha mtoto, na usiku balbu inajitazama humo.

Malalamiko ninayo mawili. Fundi wangu mkono anao, saa hana. "Kesho jioni" yake ni lugha ya heshima tu. La pili, nilipoigeuza meza juu chini, nikakuta mguu mmoja wa nyuma una weupe uliopakwa tinti. Nilimwonyesha tu kwa kidole. Hakubisha, akaung'oa na kuweka mwingine. Nyota ya tano ameipatia hapo, kwenye kurekebisha. Na jamani, siku wanapopasua na kupiga msasa msipeleke watoto karakana kuangalia. Vumbi la mninga linawasha pua na kifua, mwenye pumu atakuja kulala hospitali ya Kitete.

Kabla makochi hayajakamilika nilimwomba kipande kidogo cha mbao ile ile, kikiwa kimepigwa msasa na vanishi ile ile. Kama kuna jambo moja la kuchukua katika maelezo yote haya, chukueni hicho kipande. Kinaingia kwenye mkoba. Nilikwenda nacho duka la rangi, nikakiweka juu ya kila kadi, muuzaji akinitazama kama mgonjwa. Nikakiegemeza ukutani nyumbani. Makochi yenyewe yakaja baada ya rangi kukauka, hakuna tone lililomwagikia kiti.

Ukutani tulijaribu rangi tatu, kila moja mraba wa kama mita moja, mara mbili: ukuta unaopokea mwanga wa dirisha na ukuta wa dirisha lenyewe. Nyeupe pee, kijivu ya mume wangu, na krimu. Hapo ndipo mwembe ulipoingia. Jua la asubuhi likipita kwenye majani na kuingia ndani, linakuja na ukijani. Nyeupe pee ikawa kama ukuta wa wodi. Kijivu ikageuka rangi ya maji ya bwawa, na mume wangu mwenyewe aliitazama mara mbili akasema basi. Krimu, kwa kuwa ina unjano na wekundu kidogo ndani yake, ukijani uliilainisha tu. Kipande cha mninga juu yake kikawaka. Tabora miembe ni mingi mno kwa mtu kuchagua rangi kwenye kadi dukani chini ya taa za dukani. Jirani yangu asiye na mwembe alipaka krimu hiyo hiyo, kwake imeonekana njano zaidi.

Hesabu ya ndoo, kwa kuwa mafundi rangi wanapenda kuzidisha. Kuta nne za sebule yangu jumla ni mita kumi na nane kwa urefu wa mita tatu, yaani mita za mraba 54. Ondoa milango na madirisha, zikabaki kama 45. Kupaka mikono miwili, yaani kurudia mara mbili, ni 90. Rangi ya maji iliyo nzuri, juu ya ukuta uliolainishwa, lita moja inakwenda kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja. Lita tisa, basi. Fundi alikuwa ameniandikia ndoo mbili za lita 20. Nilinunua moja, ikatosha sebule na korido, na kidogo kimebaki cha kurekebishia pale baiskeli ya mtoto inapopita. Mngeona uso wake nilipomwambia tuhesabu pamoja.

Nyota niliyoikata kwenye rangi ni ya duka. Nilirudi kuchukua galoni ya chumba cha wageni, namba ile ile ya rangi, ikachanganywa kwenye mashine ile ile, ikatoka imepauka. Kwa chumba kingine si neno. Ingekuwa ukuta mmoja ule ule, mpaka ungeonekana hadi uzeeni. Anayehitaji ndoo zaidi ya moja azinunue siku moja na azimimine zote kwenye pipa, azikoroge, ndipo rola iingie. Lipu mpya nayo iacheni mwezi mzima ikauke. Saruji ikiwa bado kali inaunguza rangi na kuacha madoa yasiyofunikika. Mkiona chumvi nyeupe inatoka chini ya ukuta, hiyo ni habari ya maji ya ardhini, na rangi ya mafuta juu yake itafanya malengelenge tu. Tafuteni fundi wa msingi kwanza.

Taa. Hapa ndipo nilipokereka. Balbu za kwanza nilinunua boksi zima, nyeupe, za LED, zimeandikwa 6500K (hiyo ni namba ya rangi ya mwanga: ikiwa kubwa mwanga ni mweupe wa bluu, ikiwa ndogo ni wa njano). Usiku wa kwanza tulipowasha, krimu yangu ikawa rangi ya karatasi na ule mkono wa kochi niliouchagua kwa macho mawili ukawa kahawia ya matope. Mwanga wa aina hiyo una bluu nyingi na wekundu haba, na uzuri wa mninga wote uko kwenye wekundu. Kitu kisichomo kwenye mwanga, macho hayawezi kukiona kwenye mbao. Nikabadilisha kwa zilizoandikwa 3000K, zile ambazo dukani wanaziita za njano, na mbao ikarudi nyumbani. Jikoni nimeacha 4000K, maana mchele unachambuliwa vizuri chini ya mwanga mweupe kidogo. Kwa hiyo ule mraba wa majaribio ukutani utazameni na usiku pia, chini ya balbu mtakayoitumia kweli.

Zile za kwanza zilikuwa na ugonjwa mwingine. Jioni, kila nyumba ikiwa imewasha na umeme ukapungua nguvu, zikaanza kupepesa, na nyingine zikafa kabisa kabla ya mwaka. Upande wa boksi kwa maandishi madogo kulikuwa na 220–240V. Za sasa zimeandikwa 100–265V. Umeme ukishuka zinatulia. Someni hapo kabla ya kusoma bei. Na hakikisheni kishikio: nyumba nyingi huku ni za pini, ukirudi na za skrubu utarudi tena dukani. Usiogope idadi ya taa kwa sababu ya LUKU. Ya LED ya wati 9 inatoa mwanga unaokaribia ule wa balbu ya zamani ya wati 60, kwa hiyo taa tatu au nne ndogo bado ni nafuu kuliko ile moja tuliyokua nayo, iliyoning'inia katikati na kuwafanya wageni wote wawe na vivuli chini ya macho. Mimi nimeweka moja ya dari, mbili za ukutani nyuma ya kochi refu, basi. Gipsamu na utepe wa bluu mume wangu amepewa chumbani, kichwani mwa kitanda upande wake.

Barazani nimeweka njano vilevile, kwa sababu ya wadudu. Mvua za Novemba zikianza, taa nyeupe ya jirani inakusanya kumbikumbi mpaka wanafagiwa kwa ndoo. Kwangu wanakuja wachache. Watoto wanalalamika, maana inabidi waende kwa jirani na masufuria.

Pazia sina la kusema, nilichukua rangi ya udongo na shia nyeupe, lile pazia jepesi la ndani. Mama alileta vitambaa vyake vya kufuma vya kuwekwa mgongoni mwa makochi, vyeupe, kila kimoja na ua. Wapambaji wa mitandaoni watasema vinaua mtindo. Viko pale pale. Vinafunika sehemu inayoshika mafuta ya kichwa, na vinafulika.

Kwa mpangaji anayehama kila baada ya muda, seti hii siipendekezi. Kochi la watu watatu linahitaji wanaume wanne na mlango mpana. Kabati la vyombo nimeshaagiza kwa fundi yule yule. Mbao nimezichagua mwenyewe na kuzitia alama ya chaki, na malipo ya mwisho atayapata nikishalala chali chini yake na tochi.