Kili Marathon kwa wakurugenzi: kimbia nusu, na agiza mbuzi mapema

Kampuni nyingi za Arusha na Dar es Salaam hupeleka timu Kilimanjaro Marathon, na siku hizi wakubwa wenyewe huvaa raba wakaingia barabarani na vijana wao. Kwa mkurugenzi anayependa mazoezi, chakula kizuri na kufahamiana na watu wa biashara, wikiendi hii ya Moshi inalipa kuliko makongamano mengi ya ukumbini. Ila inalipa kwa aliyejipanga tu.

Mbio hizi zipo tangu 2003 na hukimbiwa Jumapili, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Zinaanza na kuishia uwanja wa Ushirika, pale Chuo Kikuu cha Ushirika. Umbali ni wa aina tatu: kilomita 42.2, 21.1 na 5.

Chagua 21.1. Zile 5 ni sherehe ya familia na wanafunzi, nzuri kweli, lakini zinaisha kabla watu hawajazoeana. Zile 42 hukupeleka kwanza barabara ya Dar es Salaam na kukurudisha mjini, ndipo uanze kupanda Mweka, kijiji cha mteremko wa Mlima Kilimanjaro, miguu imeshachoka na jua limeshakaza. Anayemaliza hizo hana hamu ya kuongea na mtu yeyote, hata awe mteja wake mkubwa.

Nusu marathoni inapanda kuelekea Mweka kwa takriban kilomita 10, kati ya migomba na mibuni, kisha inageuza na kuteremka. Mwinuko wenyewe hauonekani mkali, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Hesabu ni hii: anayetaka kumaliza kwa saa 2 na dakika 15 anahitaji wastani wa dakika 6 na sekunde 24 kwa kilomita. Akitoka uwanjani kwa kasi hiyo hiyo, ikifika kilomita ya 7 anatembea. Apande kwa dakika 7 kila kilomita, atumie dakika 70 hadi juu. Zitabaki dakika 65 za kilomita 11 za kuteremka, yaani chini kidogo ya dakika 6 kwa kilomita, kasi ambayo mteremko unamsaidia kuipata.

Mteremko nao una gharama yake. Misuli ya mbele ya paja ndiyo inayofunga breki kila hatua, na ndiyo itakayokufanya ushuke ngazi za ofisi kinyumenyume Jumanne. Piga hatua fupi, kunja magoti kidogo, usitupe kisigino mbele. Wakimbiaji wa Arusha wanaofanya mazoezi ya kupanda Ilboru huwa na kosa moja: wanapanda wakikimbia, wanarudi kwa bodaboda. Rudini mkikimbia pia, maana paja linajifunza kuteremka kwa kuteremka tu. Kuhusu pumzi msiwe na wasiwasi. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na Moshi mjini haifiki 1,000. Kitakachowasumbua ni joto la Februari, kwa hiyo kofia ni lazima, na maji yanywewe mafunda mawili matatu kila meza ya maji njiani badala ya kumaliza chupa nzima mara moja.

Namba za mbio hutolewa siku kadhaa kabla: Dar es Salaam, Arusha, kisha Moshi. Ukiwa Arusha chukua Arusha. Foleni ya Moshi Jumamosi ni ndefu na inakumalizia miguu juani. Angalia kwanza kama mtu mmoja anaruhusiwa kuchukua za wenzake, na atembee na kitambulisho gani.

Hoteli za Moshi hujaa mapema, kwa hiyo Desemba uwe umeshalipia. Kabla ya kulipa uliza mambo matatu. Kifungua kinywa kipo saa 10:30 alfajiri? Unaweza kwenda uwanjani kwa miguu, kwa sababu barabara zitafungwa? Chumba utaruhusiwa kukitumia hadi mchana ili uoge? Hoteli isiyo na jibu la swali la kwanza haikufai, hata iwe na bwawa.

Jumamosi asubuhi ni ya kahawa. Union Café ya KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa ulioanza 1933, ni mahali pazuri pa kukaa na mgeni mkazungumza taratibu. Jioni acha nyama choma. Mbuzi mwenye mfupa huchukua karibu saa nzima motoni, na baa zikijaa, sahani hufika saa nne usiku ikiwa na mafuta ambayo tumbo litayabeba hadi Mweka. Kula wali au ndizi za kupika na kuku kidogo, mwisho saa moja jioni. Maharage yasubiri.

Ukimaliza mbio, tafuta mtori kabla ya bia. Mtori mzuri ni wa ndizi mshare na nyama yenye mfupa iliyochemshwa hadi inaachia mfupa yenyewe, ndizi zikapondwa zikalainika kabisa. Una chumvi na majimaji ambayo mwili umepoteza, na hauhitaji kutafunwa sana. Ukiona umevutika kama gundi, umeongezwa unga. Waachie.

Mazungumzo ya biashara usiyategemee uwanjani: muziki uko juu na mtandao wa simu huelemewa na maelfu ya watu. Kubalianeni sehemu na saa tangu Jumamosi. Meza ya maana ni ile ya saa saba mchana, na mbuzi wake aagizwe jana yake kwa kutanguliza malipo kidogo. Watu sita wenye njaa ya mbio wanatosheka na kilo tatu, ndizi choma na kachumbari. Mwenyeji analipa nyama yote na asisubiri kuulizwa. Mkataba usitajwe mezani, mpigie simu Jumatano.

Anayerudi Arusha jioni hiyo asiendeshe mwenyewe. Ni kilomita 80 tu, lakini paja lililoteremka Mweka hukaza likikunjwa kwenye klachi, na huko Usa River foleni ya Jumapili haina huruma.