Shokapu na kuinua Hilux Vigo: ripoti yangu baada ya mwaka mmoja wa springi na shokapu za Old Man Emu

Wadau wenye pikapu za fowili, naandika hii kwa sababu kila wiki kuna mtu ananisimamisha sheli ananiuliza "mkubwa hiyo umeinua inchi ngapi", hakuna hata mmoja anayeniuliza gari inabeba nini, na hilo ndo swali la kwanza kabisa kabla hujatoa hela yako mfukoni.

Gari yangu ni Vigo dabo kabini, injini ya dizeli ya 3.0 D-4D, mbele ina koili springi (za kuzunguka) nyuma lifu springi (zile bamba za chuma zilizopangana) kama Vigo zote za fowili. Kazi yangu ni kufunga pampu za maji za sola, kwa hiyo naondoka Arusha na mabomba, paneli, boksi la spana, wakati mwingine jenereta, watu wanne ndani. Lami mpaka Mto wa Mbu halafu unakata kulia kwenda Engaruka na Ngaresero, na anayeijua hiyo njia anajua nazungumzia nini. Vumbi la volkano na rafu rodi iliyojipanga kama bati, kilomita kwa kilomita.

Shokapu zangu za zamani zilifia huko. Nilisimama kabla ya Engaruka maana nyuma gari ilikuwa inacheza kama mkia wa samaki hata kwenye mwendo wa 50, nikashuka nikachungulia, shokapu ya nyuma kushoto imelowa mafuta mpaka chini na vumbi limegandia juu yake kama tope, kijana wangu akadondoshea maji ya chupa ikafanya chwaaa na mvuke ukatoka. Ndo siku nilipoelewa shokapu inakufaje. Kazi yake ni kusukuma mafuta kupita kwenye vitundu vidogo, ule mtikisiko wote unageuka joto. Kwenye shimo moja moja inapata muda wa kupoa, kwenye rafu rodi haipati hata sekunde, mafuta yanachemka, yanakuwa mepesi, yanachanganyika na hewa yanatoa povu, na povu halizuii kitu. Unabaki unaendesha gari yenye springi tupu.

Sasa hapo nikafanya kosa ambalo naona wengi wanalifanya. Gereji moja ikaniambia tufunge shokapu za bei nafuu halafu tuweke spesa za alumini (vipande vya kuongeza urefu) juu ya shokapu za mbele, nyuma tuweke bloku chini ya lifu springi, gari itasimama juu. Na kweli ilisimama, ilipendeza sana. Ila spesa ya milimita 25 pale juu inakuinulia gari karibu mara mbili ya hapo kwenye tairi, kwa sababu shokapu imekaa katikati ya amu (mkono wa chuma unaoshika gurudumu) na siyo mwisho wake, fundi hakuniambia na mi sikujua kuuliza. Springi ni zile zile zilizochoka, kilichobadilika ni urefu tu. Kila tairi ikitumbukia unasikia "tang!" juu ya kichwa cha shokapu maana imefika mwisho wa kunyooka. Mwezi wa tatu buti la sivii jointi ya kulia (mpira unaofunika kiungo cha shafti inayozungusha gurudumu la mbele) likachanika, grisi imetapakaa kwenye rimu ndani yote, na fundi wa alaimenti, anayepanga tairi zikae sawa, akaniambia kaka hii haiingii, bolti za kurekebishia zimefika mwisho. Tairi za mbele zikalika upande wa ndani mpaka waya.

Kwa hiyo wakati wa kununua mara ya pili nilianza na mzani. Nilipakia gari kama ninavyopakia Jumatatu, nikapima, nikapakua nikapima tena. Mzigo wangu wa kila siku nyuma ni kama kilo 280, mbele nina bampa la chuma na wichi. Hiyo ndo namba unayompelekea muuzaji, kwa sababu kinachobeba gari na kinachoinua gari ni springi, shokapu inatuliza tu. Ukimwona mtu anakuuzia "shokapu za kuinua" peke yake muulize springi ziko wapi.

Nilivyochambua soko kwa ufupi. Kayaba, kama unataka gari irudi urefu wake wa kiwandani na safari zako ni lami na rafu rodi kidogo, usihangaike, nunua Kayaba ya gesi kwa muuzaji unayemwamini (feki zipo nyingi, angalia uchomeleaji na maandishi kwenye boksi) na maisha yaendelee. Bilstein ni za silinda moja, gesi imetenganishwa na mafuta kwa pistoni inayoelea, halafu ukuta wa nje ndo huo huo unaogusa mafuta kwa hiyo zinapoa vizuri sana. Shida kwa njia zangu ni mawe, ukuta huo ukibonyea pistoni haipiti tena. Za silinda mbili kama Nitrocharger za Old Man Emu zinapoa taratibu zaidi lakini ganda la nje likipata kibonyeo kidogo kazi inaendelea. Tough Dog na Rancho wana zile za kuzungusha kitufe, ngazi 9, nzuri kwa mtu ambaye leo ana mzigo kesho hana. BP-51, zile za bei ya juu za Old Man Emu hao hao, niliziangalia nikazirudisha kwenye shelfu, bei ile ni ya mtu mwingine.

Nikachukua seti kamili: Nitrocharger Sport nne, koili za mbele za gari yenye bampa la chuma, lifu springi za nyuma za mzigo wa kudumu wa kilo 300, bushi mpya (vipira vya kwenye maungio), shakeli mpya (vyuma vinavyoshika ncha ya lifu springi) na yubolti mpya (zinazofunga lifu springi kwenye eksili). Yubolti msirudishie za zamani jamani, zikishavutika mara moja hazishiki tena vilevile. Bei inauma, ningeweza kununua tairi nne mpya na chenji ikabaki.

Sehemu ya kufunga naomba muisome polepole. Fundi wangu wa sasa, mzee mmoja mtaratibu, alifunga kila kitu gari ikiwa juu ya stendi ila nati za bushi za lifu springi na za amu za mbele aliziacha zimelegea. Akashusha gari chini, akaitikisa, akaisukuma mbele nyuma, ndo akaingia chini kukaza. Nikamuuliza mzee mbona unajitesa. Akasema bushi ukiikaza gurudumu likining'inia, gari ikikaa chini ule mpira unakuwa umesokotwa muda wote, miezi michache unachanika. Pia akarekebisha kile kifimbo cha valvu ya breki kilichoshikana na eksili ya nyuma, kinapima mzigo, ukiinua gari usipokigusa breki za nyuma zinadhani gari haina kitu na zinapunguza nguvu. Hiki kitu gereji nyingi hawakigusi kabisa. Halafu alaimenti siku hiyo hiyo, na baada ya kilomita 500 tukarudi kukaza yubolti, zilikubali karibu robo mzunguko.

Mbele imepanda milimita 42, nyuma 38 ikiwa na mzigo. Nasema tena, inatosha. Mpaka hapo kwenye milimita 50 amu za juu za kiwandani zinaendana na alaimenti inaingia, ukizidi hapo andaa hela ya amu za juu mpya, kushusha difu ya mbele, pengine na propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu) kuanza kutetemeka.

Barabarani sasa. Ikiwa na mzigo hii gari imekuwa nyingine, Mto wa Mbu mpaka Ngaresero nakaa 60 na usukani umetulia mkononi, korongo za mchanga nyuma haigongi tena, na nikisimama nikagusa shokapu ni za moto ndiyo lakini kavu. Ikiwa tupu nyuma ni ngumu, mke wangu analalamika tukienda kanisani, na hilo ni la springi za kilo 300 nilizochagua mwenyewe, asiyebeba mzigo asinunue hizi, achukue za daraja la chini.

Nimeshapiga kilomita 31,000. Hakuna hata moja inayovuja, bushi moja tu ya shokapu ya nyuma kulia imeanza kupasuka pembeni, nimeshanunua nyingine, Jumamosi tunaibadilisha.

Wenye Hilux za zamani za torsheni ba (vyuma virefu vinavyosokotwa badala ya koili mbele), kabla hujamruhusu fundi akaze zile bolti ainue mbele, pima kwanza tairi inashuka kiasi gani ukiinua gari na jeki, maana kukaza hakuongezi safari ya tairi, kunaihamisha tu, unapata juu unapoteza chini. Nyie Kayaba mpya na torsheni ba zilizoachwa karibu na urefu wa kiwandani zitawafikisha mbali kuliko hizo inchi mbili.