Nyasi za uani Malindi: ipi ununue, na ndago utaikwepaje

Malalamiko ya wasomaji kuhusu nyasi za uani karibu yote yanafanana. Zilipopandwa zilipendeza, masika yakapita, sasa ua mzima ni ndago, lile gugu sugu. Mwenye nyumba analaumu aina ya nyasi, mtunza bustani analaumu maji ya munyu. Mara nyingi mkosa ni gunia. Ndago ilipakiwa garini pamoja na nyasi na ikalipiwa.

Kwa hiyo mambo ya rangi na ulaini wa jani nawaachia wauzaji, wanayajua kuyasema. La kwanza kumuuliza muuzaji ni kama nyasi zake zinakuja na udongo au zimekung'utwa, kwa sababu ndago husafiri ndani ya udongo.

Ndago, ukitaka kuitambua, zungusha shina lake baina ya vidole: lina pembe tatu, wakati shina la nyasi ni la mviringo au bapa. Jani linang'aa, na ua lake ni kahawia iliyoingia zambarau. Chini kuna viazi vidogo vyeusi, vyeupe ndani, vimeungana kwa mizizi myembamba kama shanga za tasbihi. Ukivuta jani, uzi unakatika, na kila kiazi kilichobaki kinaweza kuchipua mmea wake. Dawa ya magugu ya majani mapana, 2,4-D, inaunguza majani tu na viazi vinabaki hai. Glyphosate, dawa ya magugu isiyochagua mmea, inashuka hadi kwenye kiazi, lakini inaua na nyasi zako pia. Nyasi zikishashika, kuiondoa si kazi nyepesi.

Nafasi ya kwanza naipa nyasi ya pemba, na sifichi upendeleo wangu. Ni nyasi ya pwani hii hii, jani pana, inatambaa juu ya mchanga, inavumilia chumvi na inakubali kivuli cha mwembe au mwarubaini. Ila sababu kubwa ni nyingine: pemba inapandwa kwa mikono yake mitupu. Unanunua matawi yanayotambaa, unayakung'uta udongo wote, unayasuuza ndani ya ndoo, unapanda. Kiazi cha ndago hakina pa kujificha. Na ikitokea moja imepenya, jani lake jembamba linaonekana mara moja katikati ya majani mapana, unaing'oa na udongo wake ikiwa bado changa.

Chagua mikono yenye vifundo vitatu au vinne, mizizi myeupe. Ingiza mkono hadi katikati ya gunia: ukihisi joto, nyasi zimeanza kuungua humo ndani, hata kama juu zimerashiwa maji zikang'ara. Panda siku hiyo hiyo. Fukia vifundo viwili, kina cha sentimita 5, acha ncha nje, nafasi ya sentimita 20 kila upande. Hapo ni vipande 25 kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo ua wa mita 10 kwa 6 unataka vipande 1,500. Mwagilia asubuhi na jioni kwa wiki mbili za mwanzo. Ukipanda masika yanapoanza, mwezi wa nne, mvua itakupunguzia bili. Ikishajaa, usiikate chini ya sentimita 5, kwa sababu ukiinyoa sana unaifungulia ndago jua.

Ya pili ni paspalum. Jani laini, zuri kulikanyaga kwa miguu mitupu, na kwa chumvi inaishinda hata pemba. Mwenye kisima cha munyu mkali na ua usio na mti, hii ndiyo yake. Lakini inataka jua kutwa na kukatwa mara kwa mara. Tena mara nyingi inauzwa kwa vipande vya mkeka vilivyobeba udongo wake, na jani lake jembamba linaificha ndago mpaka imeshatoa ua. Ukiipenda, geuza mkeka juu chini, vunja kona mbili tatu, utafute vile viazi vyeusi. Ukiona kimoja, ondoka.

Ukoka wa kawaida ni rahisi na unastahimili ukame. Utaingia kwenye maua yako na nyufa za sakafu, na kivulini unanyauka.

Kikuyu, usinunue. Ni nyasi ya nyanda za juu, na kwa joto la Malindi inapukutika na kuacha mapengo. Nani hujaza mapengo, umeshajua.

Udongo nao ni ununuzi, na hapa ndipo watu wanapoponzwa. Ua wa mita 60 za mraba ukitandazwa sentimita 5 unakula mita 3 za ujazo, karibu toroli 46 za lita 65. Udongo mweusi wa mashambani unapendwa, na ndiyo kiota cha ndago. Kabla ya kulipa lori, chota udongo kutoka pande kadhaa za rundo, ujaze beseni, uweke juani na kuumwagilia kwa wiki mbili au tatu. Ikiwa umeshamwagwa uani, mwagilia hivyo hivyo bila kupanda kitu. Ndago ikichipua na kutoa majani matano au zaidi, kabla ya kutoa maua, piga glyphosate ukiwa na glavu, subiri, mwagilia tena, piga itakayorudi. Mchanga wa ufukweni achana nao, una chumvi. Samadi iwe imeoza hasa. Walio Lamu wanaopata ya punda kwa urahisi wajue mbegu za magugu zinapita tumboni mwa punda zikiwa nzima, kwa hiyo ilundikwe ipate joto kwanza.

Sasa hawa wauzaji. Gunia halina kipimo, leo limeshindiliwa, kesho nusu yake ni hewa. Ukishuka kwenye gari bei imeshapanda, na ukiwa na mgeni Mtaliano pembeni ndiyo basi tena. Ukiuliza habari ya ndago unaambiwa "hiyo ni ya shamba lako, mama." Kubalianeni bei kwa mita ya mraba, mbaki na salio la wiki tatu, alipwe ndago isipoonekana. Akikataa, tafuta jirani mwenye pemba safi anayepunguza kingo zake. Mita moja iliyojaa inatosha kupandia kama mita nane, na jirani hatakuuzia hewa.