Kon-Tiki (2012): bahari wameitendea haki, Herman wamemwonea

Muvi nyingi za wavumbuzi wa baharini zina ugonjwa mmoja, bahari yenyewe inapita chapchap. Chukua ile ya Ridley Scott ya 1992 kuhusu Columbus, 1492: Conquest of Paradise, muziki wa Vangelis mtamu mpaka nywele zinasimama, Depardieu anajitahidi kweli, lakini safari ya kuvuka Atlantiki ukija kushtuka imeshaisha, kinachobaki ni nchi kavu na fitina za wakubwa wa Hispania mpaka mwisho. Kon-Tiki, stori ya kweli ya chelezo (magogo yaliyofungwa pamoja) chenye jina hilo, haina hiyo shida. Chombo kikishavutwa nje ya bandari ya Callao pale Peru ndo basi tena, ni watu sita na magogo na maji mpaka ng'ambo. Kwa mtu anayependa bahari hii ni muvi ya kukaa chini na kuitazama kwa nafasi, na ndo maana yale mawili waliyoyakosea yananiuma sana, ntayasema huko mbele.

Kwa ambaye hajui stori, Thor Heyerdahl ni Mnorwei, kazaliwa Larvik mwaka 1914, na mwaka 1937 alienda na mkewe Liv kuishi kisiwa cha Fatu Hiva, huko visiwa vya Marquesas, Pasifiki. Pale wakamsikia mzee mmoja akisimulia habari za Tiki, ambaye ndo aliwaleta wahenga wao kutoka mbali upande linakochomoza jua. Heyerdahl akiangalia upepo, unatoka mashariki, akiangalia mkondo wa maji, nao unatoka mashariki, akashikilia kwamba watu wa kwanza wa Polinesia, yaani visiwa hivyo vya Pasifiki, walitokea Amerika ya Kusini. Wasomi wakamkatalia, wakamwambia hao watu wa kale wa Peru hawakuwa na meli bwana, walikuwa na vyelezo tu, utavukaje Pasifiki na chelezo. Akasema basi ntavuka na chelezo. Na akaenda kweli, tarehe 28 Aprili 1947, watu sita na kasuku mmoja, wakakaa baharini siku 101, karibu kilomita 7,000, mpaka tarehe 7 Agosti walipopanda kwa kishindo kwenye mwamba wa Raroia, visiwa vya Tuamotu. Na huyu ni mtu aliyekuwa anaogopa maji tangu utotoni, alishanusurika kuzama, muvi yenyewe inaanzia hapo hapo, mtoto mdogo kwenye barafu na wenzake wanamwangalia. Pål Sverre Hagen anayemcheza Thor ana yale macho ya mtu ambaye ameshaamua, ukimwangalia tu unajua huyu hakuna wa kumrudisha.

Nusu saa ya kwanza sehemu kubwa ni New York, kuomba hela, kukataliwa, kuomba tena, kawaida tu, unaweza hata kuweka maji ya chai jikoni ukarudi. Utamu unaanza wakishakata kamba.

Maana jamani hiyo bahari! Kuna usiku maji yote yanawaka, viumbe vinang'aa chini ya chelezo, na jamaa wamekaa kimya wanachungulia kama watoto. Kuna samaki warukao wanadondoka wenyewe juu ya magogo. Kuna pale papa potwe anapita chini, na kwa waliowahi kwenda Mafia msimu wa potwe watanielewa, yule samaki hana neno na mtu, lakini ukubwa wake ukiuona kwa karibu mwili unakufa ganzi, na hapo anapita chini ya chombo kilichofungwa kwa kamba tupu. Alafu kuna sini moja ambayo mimi nairudia kila nikiiangalia, usiku, Thor na mwenzake wamelala chali wanatazama nyota, kamera inaanza kupanda taratibu, inapanda, chelezo kinakuwa kidogo, kinakuwa nukta, kinapotea, inapita mawingu, inatoka nje ya dunia kabisa unaiona kwa mbali, alafu inarudi kushuka pole pole mpaka kwenye magogo yale yale. Hakuna anayeongea. Hapo madairekta Joachim Rønning na Espen Sandberg wamenifanya niusikie upana wa Pasifiki bila mtu kunitajia kilomita.

Na chombo chenyewe wamekionyesha vizuri, mtu wa pwani atafurahi. Ni magogo tisa ya mti wa balsa, ule mwepesi, yaliyokatwa kwenye msitu wa Ecuador na kuteremshwa kwa mto, lile refu kuliko yote linakaribia mita 14, juu yake kibanda cha mianzi, mlingoti, tanga la mraba na kasia kubwa la usukani nyuma. Msumari hakuna hata mmoja, kamba tupu kama mitepe ya Lamu ya zamani. Wataalamu wa wakati ule walisema mambo mawili, magogo yatakunywa maji yazame, na kamba zitasagika zikatike ndani ya muda mfupi. Yote hayakutokea. Magogo yalikuwa mabichi, utomvu wake ukazuia maji yasiingie ndani sana, na balsa ni laini mno kiasi kwamba kamba zilijichimbia njia ndani ya mti zikakaa humo salama, hazikusagika. Muvi inalitumia hili vizuri sana kuweka hofu, unaona kidole kinabonyeza gogo na maji yanatoka, unaanza kupiga hesabu mwenyewe zimebaki siku ngapi.

Niliiangalia na mjomba wangu ambaye ujana wake wote umeishia kwenye majahazi ya Tanga na Pemba, na yeye ndo alinifumbua macho. Dhoruba ya kwanza ilipopiga akaniuliza, "We, mbona simwoni mtu anayefua maji?" yaani kuyachota na kuyamwaga nje. Nikamwambia mjomba, magogo yana nafasi katikati, maji yakipanda yanashukia chini hapo hapo. Akakaa kidogo akasema, "Basi hicho hakizami, kinaoshwa tu." Na ndo ilivyokuwa kweli, hiyo ndo siri ya chelezo, wimbi lingejaza boti ya kawaida likaizamisha lakini pale linapita kama kwenye chekeche. Baadae tena akasema kitu ambacho mpaka leo nakitumia kuielezea hii muvi, akasema hilo tanga lao na hiyo sura ya chombo haiwezi kubisha (kwenda kinyume na upepo), hao wanakwenda unakotaka upepo, sio wanakotaka wao. Shikeni hilo, tutalirudia.

Sasa la kwanza linaloniuma. Herman.

Kwenye muvi Herman Watzinger (Anders Baasmo Christiansen) ni muuza friji mnene, mwoga, analia lia, anamnyemelea Thor na waya wa chuma akimwomba wafungie magogo, potwe anapopita yeye ndo anapaniki anamchoma chusa na kuwaweka wote hatarini. Muigizaji anacheza vizuri, hilo simnyimi. Lakini Herman wa kweli alikuwa injinia, mtu mwenye mwili wa mazoezi, na ndiye aliyekuwa msaidizi wa Thor kwenye ile safari, yeye ndo alikuwa anachukua vipimo vya hali ya hewa na bahari. Chusa lile lilirushwa na Erik Hesselberg, sio Herman. Binti yake Herman alilalamika hadharani nyumbani kwao Norwei muvi ilipotoka, na mimi namuunga mkono kabisa. Hii sio stori ya kutunga yenye majina ya kutunga, jina ni la mtu, ana watoto, ana wajukuu, alihatarisha maisha yake siku 101 pamoja na wenzake, alafu dunia nzima inamjua kama mwoga kwa sababu muvi ilihitaji mwoga. Wangebadilisha jina tu. Au wangetafuta ugomvi kwingine, mbona baharini sababu za hofu hazikosi!

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba stori za kweli za wale jamaa zilikuwa zinatosha na kubaki. Knut Haugland alikuwa opereta wa redio wa kikundi cha Wanorwei waliohusika na hujuma ya kiwanda cha maji mazito, yale ya mambo ya nyuklia, kilichokuwa mikononi mwa Wajerumani, mwaka 1943. Torstein Raaby alijificha karibu kabisa na Wajerumani akituma habari za ile meli yao kubwa ya kivita, Tirpitz. Hawa watu miaka miwili tu baada ya vita wako juu ya magogo wanahangaika na redio iliyolowa. Muvi inagusia gusia, Tobias Santelmann kama Knut ana dakika zake chache nzuri sana za kuongelea vita, lakini unabaki na njaa. Badala yake tunapewa kasuku analiwa na papa, Knut anapandwa na hasira anamvuta papa juu anamchinja, damu kila mahali. Kasuku wa kweli alichukuliwa na wimbi, basi. Ila pale Herman anapodondoka majini na Knut kujirusha na kamba kumfuata, hiyo ni kweli ilitokea, na nadhani ndo maana inakamata kuliko zote, mimi nilikuwa nimeshika mto wa kochi kwa mikono miwili.

La pili ni Wapolinesia wenyewe. Wako mwanzoni, mzee anasimulia, alafu wanapotea mpaka mwisho. Muvi inakuacha uondoke ukidhani Heyerdahl alithibitisha alichokisema. Hakuthibitisha. Alithibitisha kwamba chelezo cha balsa kinaweza kufika, na hilo ni jambo kubwa, heshima yake. Lakini lugha, mimea, wanyama wa kufugwa, na siku hizi vinasaba, vyote vinasema Wapolinesia walitokea magharibi, upande wa Asia, wakienda dhidi ya upepo ule ule uliombeba yeye. Hapo ndo rudini kwenye neno la mjomba. Mitumbwi yao ilikuwa inaweza kubisha! Hao ni ndugu wa damu na lugha wa wale waliovuka Bahari ya Hindi wakafika Madagaska, na hata ngalawa zetu, zile zenye mbao za kuelea pande zote mbili, wataalamu wa vyombo wanazihusisha na ufundi wa watu hao hao. Mwaka 1976 Mau Piailug, mtu wa kisiwa cha Satawal huko Mikronesia, aliuongoza mtumbwi wa Hōkūleʻa kutoka Hawaii mpaka Tahiti bila chombo chochote cha kupimia, nyota na mawimbi tu. Sasa mtu akikwambia wenye ujuzi huo walisubiri kuletwa na upepo inabidi umkatalie kwa nguvu zote. Na kuna kipande muvi imekiruka kabisa, kwamba Heyerdahl aliamini Tiki na watu wake huko Peru walikuwa watu weupe wenye ndevu. Hilo lilistahili japo dakika mbili, mtazamaji aamue mwenyewe.

Kwa haki nimalizie hapo kwamba hakukosea kila kitu, mwaka 2020 ulitoka utafiti wa vinasaba kwenye jarida la Nature ukionyesha kweli watu wa Polinesia na wa Amerika ya Kusini walikutana, kama mwaka 1200 hivi, na kiazi kitamu kilichofika Polinesia kutoka Amerika kilikuwa kinaashiria hivo toka zamani. Ila kukutana na kuwa chanzo ni vitu viwili tofauti.

Sasa kwa anayetaka kuiangalia. Kuwa makini unapata ipi, maana waligonga karibu kila sini mara mbili, mara moja kwa Kinorwei na mara moja kwa Kiingereza, waigizaji wale wale. Tafuta ya Kinorwei yenye sabtaito. Kwenye ya Kiingereza midomo inafanya kazi lakini mtu hayupo, unawasikia kabisa wanavyofikiria maneno, wakati kwenye ya kwao utani unatoka wenyewe na hata ukali wa Thor unakuwa wa kweli. Ndo hiyo ya Kinorwei iliyoingia kwenye kinyang'anyiro cha Oscar kama filamu bora ya lugha ya kigeni, ikashindwa na Amour. Zile zilizotafsiriwa na madijei wa mtaani achana nazo kwa hii, pale kimya cha usiku kinapotakiwa dijei anaongea, umepoteza nusu ya muvi. Na kama una njia ya kuiweka kwenye skrini kubwa fanya hivo, kwenye simu lile potwe linakuwa dagaa. Watoto wa miaka kumi kwenda juu wanaweza, toa ile ya papa na kisu. Urefu karibu masaa mawili.

Mimi naipa nane kwa kumi, ingekuwa tisa kama sio Herman. Ukishaimaliza usiishie hapo, itafute na ile dokumentari ya Heyerdahl mwenyewe ya 1950, nyeusi na nyeupe, picha walizojipiga wenyewe kwa kamera ndogo wakiwa juu ya magogo, ilichukua Oscar ya dokumentari mwaka 1952. Picha zinatikisika, kuna sehemu hazionekani vizuri, lakini humo utamwona Herman mwenyewe, mwembamba, amevuliwa shati na jua, anafanya kazi na wenzake.