Agosti moja, bustani mbili za burudani: joto lilivyotupata kwenye foleni

Agosti iliyopita mama yangu alitutembelea kutoka Tanga, na kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, tulimchukua yeye pamoja na watoto wetu wawili, wa miaka 7 na 11, tukaenda katika bustani mbili za burudani ndani ya wiki moja. Ya kwanza ni ya michezo ya maji, iko wazi chini ya jua, na jina lake nalihifadhi kwa sababu nitakayoyasema yanazihusu bustani nyingi za aina yake hapa Ghubani. Ya pili ni Ferrari World ya Abu Dhabi, ambayo iko ndani ya jengo. Sikuandika mara moja, nilisubiri hasira zitulie kwanza, lakini maoni yangu yamebaki palepale: katika nchi ya joto kali, bustani ya burudani ipimwe kwa foleni zake kabla ya michezo yake. Mchezo wenyewe huchukua dakika mbili au tatu, na muda mwingi uliobaki mgeni huwa amesimama akisubiri zamu.

Bustani ya kwanza tulifika saa tano kasorobo asubuhi, na kipimo cha gari kilikuwa kimeshasoma nyuzi 43. Getini mkoba wetu ulipekuliwa, na chupa nne za maji nilizokuwa nimezigandisha usiku kucha zikatolewa na kutiwa kwenye pipa, kwa kuwa kanuni za pale haziruhusu kinywaji chochote kutoka nje. Ningeikubali kanuni hiyo kama ndani kungekuwa na maji ya kutosha. Nilizunguka nikakuta sehemu mbili tu za maji ya bure, na mojawapo ilitoa maji ya moto, kwani mabomba ya huku yakipigwa na jua kutwa hutoa maji ambayo huwezi hata kunawia uso. Maji baridi yaliuzwa vibandani, na kila kibanda kilikuwa na foleni yake juani.

Mteremko mkubwa wa maji, ule ambao watoto walikuwa wameutamani tangu Juni, tuliusubiri kwa dakika hamsini. Turubai lilifunika mwanzo wa foleni, mahali ambapo watu hupigwa picha, lakini kuanzia ngazi ya kwanza ya chuma hadi juu kabisa hapakuwa na kivuli hata cha kuficha kichwa cha mtoto. Vyuma vya kushikia havikushikika. Ndala zinaachwa chini kwa sababu haziruhusiwi mchezoni, kwa hiyo binti yangu alipanda peku, akawa anabadilisha mguu huu na huu kama aliyekanyaga siafu, mpaka nikaitia maji kanga niliyokuwa nimejifunga kiunoni na kumtandikia kwenye ngazi. Tulipanda hivyo, ngazi kwa ngazi, nikiitandika na kuiokota, na kila niliposogea niliikuta imeshakauka pembeni. Mama mmoja nyuma yetu akaomba nasi tumsogezee mwanawe juu ya kanga ile. Watoto wawili wakasimama juu ya kipande kimoja cha nguo, ilhali chini yetu paliuzwa tiketi za kuruka foleni kwa bei ya ziada.

Hapo ndipo hoja yangu inapoanzia. Sisi watu wa pwani tunajisifu kwamba joto tunalijua, na kweli tunalijua, lakini joto la kaskazi kule Tanga lina upepo wa baharini, lina mwembe wa kukaa chini yake, na usiku hupumzika. Joto la Ghuba mwezi Agosti hubeba unyevu wa bahari ambayo nayo imechemka. Kinachoupoza mwili ni kule kukauka kwa jasho juu ya ngozi. Hewa ikishajaa maji, jasho hutiririka bila kukauka, na mtu huendelea kupata joto ndani kwa ndani huku akiwa amelowa chapachapa. Ndiyo maana siku ya fukuto yenye nyuzi 38 inaweza kumwangusha mtu kuliko siku kavu yenye nyuzi 45. Bustani ile ilikuwa imefunga vinyunyizio vya ukungu wa maji kando ya njia, kifaa kinachofaa sana katika miji ya jangwa kavu, lakini ufukweni, kwenye hewa isiyotembea, vilitulowesha tu bila kutupoza. Feni kubwa na kivuli cha kweli vingetusaidia zaidi, na sidhani kwamba gharama yake ingemshinda mtu aliyejenga mteremko wa ukubwa ule.

Mama hakupanda mchezo wowote. Alikaa karibu na lango la foleni, chini ya mwavuli, pamoja na mlinzi kijana ambaye baada ya maneno mawili walitambuana kuwa ni majirani wa mwambao, maana yeye ni wa Kilifi. Mgongoni mwa shati lake palikuwa na mstari mweupe wa chumvi, jasho lililokauka na kulowa tena mara nyingi. Mama akamuuliza, "Mwanangu, umekunywa maji?" Akajibu, "Nimekunywa, mama, lakini chupa yangu iliisha tangu saa nne." Mama akampa nusu ya chupa tuliyoinunua kibandani. Nusu saa baadaye ni mama aliyeanza kuona kizunguzungu, ngozi ikawa baridi na yenye unyevunyevu, na yule kijana ndiye aliyeita msaada kwa redio yake kabla mimi sijashuka ngazini.

Chumba cha huduma ya kwanza nakisifu bila kusita. Muuguzi alimlaza mama, akamwinua miguu, akamwekea taulo za maji baridi shingoni na kwapani, akampulizia feni na kumnywesha maji yenye chumvi na sukari kidogo kidogo. Alinieleza kwa upole kwamba kama mama angekuwa amechanganyikiwa kauli, hilo lingekuwa jambo jingine kabisa, kwa kuwa kiharusi cha joto huanza pale joto la ndani ya mwili linapofika nyuzi 40 hivi na ubongo kuanza kuathirika, na hapo kila dakika ya kuupoza mwili ina thamani. Lakini chumba hicho kilikuwa jirani na lango kuu, mwendo wa dakika kumi juani kutoka mahali alipozidiwa. Chumba cha namna hiyo kinapaswa kuwa karibu na foleni ndefu kuliko zote.

Nikiwa nimekaa pale nilisoma masharti nyuma ya tiketi. Michezo husimamishwa radi ikipiga au upepo ukizidi, na joto halikutajwa hata kwa neno moja. Hili ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu nchi za Ghuba zenyewe zimeshakubali kwamba joto ni hatari ya kuwekewa sheria. Katika Falme za Kiarabu, kazi za juani katika maeneo ya wazi hukatazwa kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa alasiri, kutoka Juni 15 hadi Septemba 15. Qatar iliongeza sharti mwaka 2021: kazi za nje zisimame saa yoyote ile kipimo kinachojumlisha joto la hewa, unyevu, upepo na mionzi ya jua kikipita nyuzi 32.1. Kipimo cha aina hiyo hununuliwa kama kifaa kingine chochote. Bustani ingeweza kukitundika langoni, kila mtu akakiona, na kikifika kiwango kilichotangazwa foleni za juani zifungwe, wageni wapewe namba za zamu wasubiri ndani, na tiketi zao zikubalike kurudi jioni au siku nyingine bila mabishano. Anayejenga nyumba saa saba mchana amelindwa na sheria, ilhali mtoto wa miaka 7 juu ya ngazi za chuma ameachiwa mzazi wake na kanga.

Wapo watakaosema bustani zifunguliwe usiku tu. Ni hatua nzuri, na baadhi zimeichukua, lakini peke yake haitoshi. Mwaka 2019 huko Osaka, Japani, mfanyakazi wa bustani moja ya burudani, kijana wa miaka 28, alifariki baada ya mazoezi ya jioni akiwa amevaa vazi zito la mhusika wa maonyesho, na jua lilikuwa limeshazama. Unyevu hauondoki na jua. Global Village ya Dubai, ambayo iko wazi kama bustani ile, hufunga kabisa miezi ya kiangazi na kufungua tena Oktoba, na ninaiona kuwa njia ya heshima kwa wageni na kwa wafanyakazi.

Siku nne baadaye, mama akiwa amepata nguvu, tulikwenda Ferrari World katika kisiwa cha Yas. Ilifunguliwa mwaka 2010 chini ya paa moja kubwa jekundu, na michezo mingi iko ndani ya kiyoyozi pamoja na foleni zake, jambo ambalo kwangu ndilo lenye uzito. Formula Rossa, treni yao ya kasi, huanzia ndani ya jengo kisha hurushwa nje hadi kilomita 240 kwa saa kwa muda usiofika sekunde tano, na abiria huvalishwa miwani kwa ajili ya mchanga. Mimi na kijana wangu tulilionja joto la nje kwa muda mfupi tu, tukarudi ndani bado tukicheka. Wakati huo binti yangu alikuwa kwenye vigari vya watoto, na mama amekaa kwenye benchi, kanga mabegani, akimtazama. Alikaa pale saa tatu bila kulalamika, akaomba chai. Warner Bros. World, iliyo kisiwani humohumo tangu 2018, na IMG Worlds of Adventure ya Dubai, ya 2016, nazo zimejengwa kwa namna hiyohiyo. Najua umeme mwingi unatumika kupoza majengo ya ukubwa huo, na si kila mji unaweza kuyajenga, lakini wazo lililo chini yake linawezekana popote: mgeni anayesubiri awe mahali penye kivuli, hewa inayotembea na maji ya kunywa.

Ferrari World naipa nyota nne na nusu, na familia yenye wazee naishauri iende hata Agosti. Bustani ya nje naipa nyota mbili, zote kwa ajili ya muuguzi na mlinzi wa Kilifi. Tumebakiwa na tiketi mbili za pale ambazo muda wake uliisha Septemba 30. Nimewaandikia kuomba zisogezwe hadi Novemba, nikawaeleza habari za ngazi zile na bomba la maji ya moto, na nikawaomba wamwekee yule kijana tangi la maji ya baridi pale langoni. Hadi naandika haya sijapata jibu.