Feni za kompyuta ya kimya: uliza beringi kabla ya kuuliza bei

Somo la 14 la kozi yangu ya Kiswahili nililirekodi mara sita. Narekodi usiku, baada ya saa nne, kwa sababu hapa kwetu Kireka, pembeni mwa Kampala, Uganda, mchana hakuna nafasi: boda boda, mashine ya kusaga, na kizindaalo (kipaza sauti cha mtaa) cha pale senta kinachotangaza mazishi, mikutano na mbuzi waliopotea. Usiku ule vyote vilikuwa vimenyamaza. Lakini niliposikiliza nilichorekodi, nyuma ya sauti yangu kulikuwa na kitu kinakwaruza, krr, krr, krr, kama panya anayetafuna sanduku. Nilimtafuta panya. Nikahamisha maikrofoni, nikazima friji. Mwishowe nikaweka kiganja juu ya kasha la kompyuta, na ule mkwaruzo nikausikia mkononi.

Kompyuta yenyewe nilikuwa nimeiunda miezi mitano tu kabla, mezani kwangu, kwa lengo moja: isisikike. Tangu Baraza la Mawaziri liliporidhia Kiswahili kiwe lugha rasmi mwezi Julai 2022, wanafunzi wangu wameongezeka, na masomo ya sauti ndiyo yanayolipa ada za watoto. Kwa hiyo nilichagua kwa makini. Prosesa ni Ryzen 5 5600G, ambayo ina uwezo wa picha ndani yake, hivyo hakuna haja ya kadi ya picha na feni zake za ziada. Diski ni ya SSD, haina kinachozunguka. Kasha lina milango iliyobandikwa kitambaa kizito kwa ndani. Kisha nikaenda katikati ya mji, ghorofa ya pili ya jengo moja la Kampala Road, nikanunua feni tatu zenye taa kwa shilingi 25,000 kila moja. Nilipouliza zina beringi gani, yaani kile kinachoshika kijiti ambacho mapanga yanazunguka nacho, muuzaji alinitazama kama nimemuuliza jina la babu yake. "Nnyabo (mama), feni ni feni," akasema.

Si kweli, na ndiyo sababu ninaandika mwongozo huu.

Niliifungua moja ya feni zile. Nyuma kuna stika. Niliibandua kwa ukucha. Chini yake kuna kishimo, na ndani ya kishimo kuna kipete cheupe cha plastiki chenye ufa. Nilikitoa kwa ncha ya sindano, na mapanga yakachomoka pamoja na kijiti chake cha chuma, chembamba kama msumari wa inchi moja. Kijiti hicho hutakiwa king'ae kwa mafuta. Changu kilikuwa kimevaa uji mweusi, mzito, na nilipoufuta kwa tishu uliacha doa la kahawia nyekundu. Lilikuwa vumbi la barabara yetu isiyo na lami, limekandika na mafuta yaliyokauka. Upande mmoja wa kijiti ulikuwa na michirizi ambayo niliihisi kwa ukucha. Miezi mitano tu.

Hiyo ndiyo beringi ya bushi. Kijiti kinazunguka ndani ya kibomba cha shaba kilicholoweshwa mafuta, basi. Mafuta hayo hukauka polepole, vumbi huingia, na uwazi kati ya kijiti na bushi hupanuka hadi mapanga yanaanza kuyumba. Ikifungwa imelala, kama zile za juu ya kasha, huchakaa mapema zaidi kuliko ikisimama wima. Na ubaya wake ni huu: siku ya kwanza, feni ya bushi huwa kimya kabisa! Unaijaribu dukani, unafurahi, unalipa. Kelele inakuja baadaye, wakati muuzaji ameshakusahau.

Ndiyo maana sitazungumzia taa, wala rangi, wala zile desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti, zilizoandikwa kwenye boksi. Desibeli hizo hupimwa feni ikiwa mpya na ikizunguka kwa kasi yake yote, na hakuna mtu mwenye akili anayeendesha feni za nyumbani kwa kasi yote. Ukiipunguza feni hadi nusu ya kasi yake, kelele hushuka kwa takriban desibeli 15, na sikio letu huhesabu desibeli 10 kama nusu ya sauti. Karibu feni yoyote nzuri ya milimita 120 inaweza kunyamaza kwa mizunguko 600 kwa dakika. Swali ni kama itakuwa bado imenyamaza mwakani, baada ya msimu wa kiangazi na vumbi lake. Hapo ndipo beringi inapoamua.

Basi huu ndio mpangilio wangu, na nasema wazi kwamba nina upande.

Ya kwanza ni Noctua NF-A12x25 PWM. Noctua ni kampuni ya Austria, na feni zake zina rangi ya kahawia na maziwa ambayo wauzaji wa mjini huicheka. Waache wacheke. Ndani yake kuna beringi wanayoiita SSO2: mafuta yamefungiwa humo humo, kijiti kinazunguka juu ya utando wa mafuta bila kugusa chuma, na sumaku ndogo inakivuta kijiti kibaki katikati.  Mapanga yake yametengenezwa kwa plastiki ngumu inayoitwa Sterrox, isiyotanuka kirahisi, na kwa sababu hiyo wameweza kuacha nusu milimita tu kati ya ncha ya panga na fremu. Hebu fikiria ni beringi ya namna gani inayoweza kuvumilia nafasi hiyo! Ikiyumba kidogo tu, panga linagusa. Waranti ni miaka 6, na kasi yake inaanzia mizunguko 450 hivi kwa dakika hadi 2,000.

Zangu mbili alininunulia kaka yangu Nairobi, zikaja kwa basi la usiku kupitia Busia. Kila moja ilinigharimu kama shilingi 150,000 nikijumlisha na usafiri. Ni pesa nyingi, najua. Ni feni sita za pale ghorofani. Lakini zina mwaka na nusu sasa, kwa vumbi lile lile, dirisha lile lile, na nikiweka sikio juu ya kasha nasikia upepo tu. Ndani ya boksi zilikuja na vishikizo vya mpira vya kufungia badala ya skrubu, ili mtikisiko usiingie kwenye bati la kasha, na kiwaya kifupi cha kupunguza kasi. Vishikizo vile vitumie. Bati jembamba la kasha la bei nafuu hugeuka ngoma likifungwa feni kwa skrubu.

Ya pili ni Noctua hao hao: NF-P12 redux. Ni ya kijivu, boksi lake halina vikorokoro, na bei yake ni kama nusu ya ile ya kwanza. Beringi ni SSO, toleo lililotangulia SSO2, waranti ile ile ya miaka 6. Kwa mtu anayehitaji feni tatu kwa mpigo, hii ndiyo ningemshauri. Chukua ile ya mizunguko 1,300 badala ya 1,700 kama hutafanya kazi nzito. Ila kumbuka jambo moja kuhusu mji wetu: Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na hewa nyepesi hubeba joto pungufu kidogo. Mtu wa pwani akikwambia feni moja inamtosha, wewe pima joto la kompyuta yako kwanza. Kwenye prosesa mimi nimefunga kipoza joto cha NH-U12S redux, kinachotumia feni hii hii. Kile kidogo kilichokuja na prosesa nilikitoa siku hiyo hiyo. Pima kasha lako kwanza, kwa sababu kina urefu wa milimita 158 na makasha mengi membamba hayafungi mlango juu yake.

Ya tatu ni be quiet! ya Wajerumani, lakini soma jina lote. Silent Wings 4 ina beringi ya mafuta yaliyofungiwa na ni feni nzuri sana. Kama ungeikuta kwa bei ya redux ningekwambia chukua bila kufikiri. Pure Wings 2 ni jambo jingine. Beringi yake ni bushi iliyochongwa mfereji wa kuzungusha mafuta, bora kuliko bushi tupu, lakini si ndugu wa Silent Wings. Maboksi yanafanana na wauzaji huyachanganya. Msomaji mmoja wa Arua aliniandikia kwamba alilipia moja akapewa nyingine, na alipolalamika akaambiwa "ni kampuni moja hiyo hiyo, mama."

Ya nne, Arctic P12. Beringi nzuri, bei ndogo, huuzwa hata tano kwa boksi moja. Kasoro yake ni mvumo unaotokea karibu na mizunguko 1,000. Iweke chini ya hapo na utaishi nayo kwa amani. Kama bajeti haifiki kwa Noctua, ishia hapa.

Zenye taa zisizo na jina, sina la kuongeza. Nimeshawaonyesha kilichomo ndani.

Sasa wauzaji. Nimezunguka maduka manane kati ya Kampala Road na William Street nikiuliza swali moja tu, feni hii ina beringi gani, na ni kijana mmoja tu aliyegeuza boksi asome kabla ya kujibu. Wengine walinitajia taa. Mmoja alinitajia bei kwa dola, kisha akaibadilisha kuwa shilingi kwa kiwango chake mwenyewe, kilichokuwa juu ya kile cha duka la kubadilishia pesa lililoko chini ya ngazi zake. Nilipotaka risiti akasema, "Ukitaka risiti, ongeza asilimia 18." Yaani kodi ya VAT, ambayo ilipaswa kuwa ndani ya bei tangu mwanzo, inageuka kuwa adhabu ya mteja anayedai haki yake. Na pasipo risiti hakuna waranti. Miaka 6 ya kiwanda inaishia mlangoni pa duka.

Jingine lililoniuma zaidi: feni niliyouziwa kama mpya, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, ilikuwa na mstari mwembamba wa vumbi kwenye ukingo wa kila panga. Vumbi hilo halitoki kiwandani. Ilikuwa imetolewa kwenye kompyuta kuukuu, ikafutwa, ikarudishwa mezani. Nilipoirudisha nilionyeshwa karatasi ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Mtu anayeuza kitu kilichotumika na aseme kimetumika. Wapo wengi ambao wangekinunua kwa bei yake halali.

Kwa hiyo ukifika dukani, fanya hivi. Tazama kingo za mapanga kwenye mwanga wa simu. Soma boksi, kama aina ya beringi haikuandikwa, hesabu kwamba ni bushi, kwa sababu mwenye beringi nzuri huiandika kwa herufi kubwa. Halafu omba iwashwe, na wasikuwashie kwa dakika moja ikiwa imelala mezani. Ishike mkononi, karibu na sikio, uisikilize ikiwa imesimama wima, kisha ilaze uso ukiangalia juu, kisha uigeuze uso uangalie chini. Feni nzuri haibadilishi sauti. Ya bushi iliyoanza kuchoka hutoa kimlio kidogo, tik, tik, ukiigeuza, kwa kuwa kijiti kinateleza ndani ya uwazi wake. Mwisho izimwe, uisikilize ikipunguza mwendo yenyewe hadi isimame. Hapo upepo umepungua, na kama kuna mkwaruzo hauna pa kujificha.

Hakikisha pia ina tundu nne kwenye plagi yake na uichomeke kwenye pini nne za bodi kuu ya kompyuta, ili uweze kupanga kasi kwenye BIOS, ile mipangilio ya msingi inayofunguliwa kompyuta inapowaka. Zangu zinazunguka 600 hadi prosesa ifike digrii 60.

Feni moja huwezi kuichagua baadaye, nayo ni ile iliyo ndani ya pawa saplai, kisanduku kinachoipa kompyuta umeme. Msijaribu kuibadilisha wenyewe. Mle ndani kuna kapasita zinazobaki na umeme hata baada ya kuchomoa waya ukutani, na fundi wa jirani anayesema anaweza huenda hajui hilo. Nunua inayotaja beringi ya feni yake tangu mwanzo. Mimi nilichukua Seasonic Focus GX: beringi ni ya mafuta yaliyofungiwa, waranti miaka 10, na kuna kitufe nyuma ambacho ukikibonyeza feni haizunguki kabisa kazi ikiwa nyepesi. Kama baada ya yote haya bado unasikia mvumo mzito umeme unapokatika na kompyuta inatumia UPS, yaani betri ya akiba, usizilaumu feni. UPS na inveta nyingi za bei nafuu hutoa umeme wa mawimbi yenye kona badala ya mawimbi laini, na pawa saplai za kisasa hunguruma zikilishwa umeme huo. Tafuta iliyoandikwa kwamba inatoa mawimbi laini, au rekodi umeme ukirudi.

Somo la 14 nililirudia mara ya saba baada ya basi la Nairobi kufika. Kuna sehemu katikati ambapo nanyamaza kwa sekunde nne ili mwanafunzi arudie neno, na katika sekunde hizo nne kinachosikika ni mbwa mmoja, mbali, upande wa Namboole.